Makazi ya Msimu

Nesi Yunis alizikwa kwao Singida, kwenye udongo mkavu ambao jembe linaukataa, na mimi nilifika siku ambayo majirani walikuwa wanarudisha viti vya kuazima. Shangazi yake, mama mwenye sauti ya kwaya hata anapoomba chumvi, alinipa sahani ya wali na maharage akaniuliza mimi na marehemu tulijuana wapi. Nikamwambia tuliishi mwaka mmoja pamoja kule delta, nyumba moja, jiko moja. Akauliza, "Rufiji au Kibiti?" Alikuwa amesikia majina yote mawili kwa miaka mingi na hakuwahi kuelewa kwa nini mpwa wake alikuwa na vituo viwili vya kazi. Nikamjibu kwamba ni zote mbili. Mwaka ule tuliuanza tukiwa Rufiji tukaumaliza tukiwa Kibiti, na hatukuhamisha hata kitanda. Wilaya ndiyo iliyohama, ikatupita pale tulipokuwa tumekaa. Shangazi alicheka kwa adabu, kama watu wanavyocheka msibani, akaenda kuosha masufuria, na mimi nikabaki nikijua kwamba nisipouandika mwaka ule mapema nitaanza kuukumbuka kwa uzuri, na haukuwa mzuri.

Chuoni nilisoma jiografia. Nilikuwa mwanafunzi wa kuuliza, wa kuwachosha wenzake wanaotaka kipindi kiishe, lakini wilaya kubwa za nchi hii kwa eneo nilizikariri bila kuzihoji, kwa sababu mhadhiri wetu alizitaja kama mzee anayetaja ng'ombe wake, kwa fahari ya kitu ambacho hakukichuma yeye. Rufiji ya zamani ilikuwa miongoni mwa zile zilizomfurahisha: upande mmoja Mloka, ambako tembo wanaingia mashambani kutoka hifadhini, na upande mwingine Mbwera, ambako nchi inamomonyoka na kuwa visiwa na mikondo hadi huwezi kusema bara imeishia wapi. Siku moja nilinyoosha mkono nikauliza eneo la delta hupimwa maji yakiwa yamejaa au yakiwa yamepwa, maana kinachoitwa ardhi asubuhi kinaweza kuwa maji mchana. Darasa likacheka. Mhadhiri akasema hilo ni swali zuri, kisha akaendelea na Mloka. Nimelibeba swali lile tangu siku hiyo, na sasa ninafundisha mwenyewe, na sijapata mtu wa kunijibu vizuri. Ninachojua ni kwamba ukubwa ni jambo la kujivunia kwa anayeutazama kutoka juu tu. Anayekaa ndani yake huuona kama umbali.

Nilipomaliza shahada niliajiriwa kwa mkataba mfupi na shirika dogo, ambalo halipo tena, lililokuwa likisaidia kupanga huduma za afya wakati ule wilaya ilipokuwa inagawanywa. Kazi yangu ilikuwa kukaa delta na kueleza jinsi watu wanavyofika kwenye matibabu. Nilipewa kitanda katika nyumba ya Nesi Yunis, muuguzi mkunga wa zahanati ya kisiwa kimojawapo, mwanamke wa makamo, Mlutheri, mwembamba, mwenye mikono mikubwa ambayo haikulingana na mwili. Nyumba ilikuwa ya matofali, vyumba viwili na sebule, lakini kuta zake zilikoma kabla ya kufika kwenye paa, kwa hiyo sauti zilizunguka humo kama moshi. Nikilala chumbani nilisikia Nesi akisali, nikasikia panya juu ya boriti za mikoko, na asubuhi nikasikia kila neno la wagonjwa waliokaa barazani kusubiri. Maji yakipwa harufu ya tope iliingia dirishani ikakaa kwenye chandarua. Nesi alikuwa akiletewa unga wa uwele kutoka kwao, na ugali wake wa kijivu uliwafurahisha sana majirani, watu wa kula wali na bada, yaani ugali wa muhogo; ule wa Nesi waliuita simenti. Wakipita wakatukuta tunakula walikuwa wakiuliza leo tunajenga chumba cha ngapi. Nesi aliwajibu kwamba akimaliza nyumba atawapangisha. Kwangu hakuwa na utani mwingi. Tulibishana juu ya kila kitu wakati wa chakula, juu ya Mungu, juu ya serikali, juu ya kama dua ya mtu mmoja inaweza kumzuilia mwingine mvua, hadi akaniambia kwamba ninauliza kama mtu anayekwangua sufuria lililokwisha oshwa.

Mwanaidi nilimsikia kabla sijamwona. Ilikuwa siku ya kliniki ya wajawazito, nami nilikuwa ndani nikifunga viatu, na upande wa pili wa ukuta sauti moja ilikuwa ikiwasimulia wengine kuhusu mgeni wa Nesi anayetembea na karatasi kubwa kama kanga, anaifungua, anaitazama, anaikunja, halafu anauliza njia. Wanawake walicheka hadi mtoto mmoja akaamka akalia. Nilitoka nje nikitegemea watanyamaza. Hawakunyamaza. Mwenye sauti ile alikuwa msichana wa rika langu, mweusi wa kung'aa, amejitanda kanga hadi puani, na tumbo lake bado lilikuwa dogo. Akanisogezea nafasi kwenye mkeka.

"Karibu, Bibi Ramani. Hebu tuonyeshe Kitopeni."

Nilikunjua ramani. Kitopeni, kijiji chake, nitakiita hivyo ingawa si jina lake, hakikuwamo. Pale kilipotakiwa kuwa palipakwa rangi ya kijani tu, ile ya misitu ya mikoko. Nikamweleza hivyo. Aliinama, akaitazama ile kijani kwa muda, akawaambia wenzake, "Basi sisi ni majani," na kuanzia siku hiyo tukawa mashoga. Jina la Bibi Ramani likanishika delta nzima, na waliokuja kunifahamu baadaye hawakujua kama nina jina jingine.

Habari zake nilizipata kwa Nesi, tena kwa shida. Mwanaidi alikuwa ameshazaa mara mbili na kuzika mara mbili. Nyonga zake zilikuwa finyu, watoto walikwama, wa pili alifia njiani, mtumbwini. Huyu wa tatu, Nesi alisema, lazima azaliwe kwenye hospitali yenye chumba cha upasuaji, na kutoka Kitopeni hadi hospitali kulikuwa na mikondo, kisha bandari ndogo ya Nyamisati, kisha barabara. Mumewe Shamte, mkata mikoko, kijana mpole asiyeweza kukaa bila kuchonga kitu, alikuwa na ndugu Nyamisati, na ikapangwa kwamba mwezi wa kujifungua ukiingia Mwanaidi ahamie kwa ndugu huyo akasubiri huko. Lakini tumbo halisomi mipango, na Nesi alijua. Tumaini lake kubwa lilikuwa boti. Kulikuwa na boti moja ya wagonjwa, ya fibreglasi, yenye mashine mpya, iliyotarajiwa kuletwa upande wetu, na vijiji viwili viliitaka: Kitopeni, na kingine kikubwa zaidi kilichokuwa karibu na mdomo wa mkondo, unapoingia baharini. Nesi alikuwa upande wa Kitopeni kwa sababu iliyo wazi. Boti ikilala Kitopeni inaweza kuondoka na maji yaliyojaa ikawakuta wengine njiani. Ikilala mdomoni, ikiitwa Kitopeni hulazimika kupanda mkondo wakati huohuo maji yanashuka. Nami niliyaandika yote haya kwa lugha ya shirika, na msafara wa wataalamu wa wilaya ukaahidi kuja kujionea wenyewe boti ikae wapi.

Hapa ni lazima nieleze dungu, maana bila dungu mtu hataelewa kilichotokea. Mpunga wa delta unalimwa mbali na kijiji, kwenye tope la maji baridi, na ukianza kutoa masuke kila kiumbe kinautaka: ndege wadogo wanaoshuka kama vumbi, nguruwe, na kiboko akiamua. Basi nyumba nzima huhama. Baba, mama, watoto, kuku, sufuria, wote hupanda mitumbwi na kwenda kukaa mashambani kwenye vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo ndefu, na hukaa huko hadi mavuno. Hivyo vibanda ndivyo madungu. Kitopeni walikuwa na desturi yao ambayo sikuiona kwingine: mbao zilikuwa adimu, kwa hiyo mtu akihama aling'oa mlango wa nyumba yake, akaubeba mtumbwini, akaufanya sakafu ya dungu. Nilipolala kwenye dungu la Mwanaidi nililala juu ya mlango wao, komeo likinichoma ubavuni, na mchana tukala pepeta, ule mpunga mchanga uliokaangwa na kutwangwa, tukiwa tumening'iniza miguu juu ya shamba huku Bi Mwajabu, mama yake Shamte, akivuta kamba zenye makopo kuwafukuza ndege. Sidhani kama nimewahi kula chakula kitamu kuliko kile. Sisi wageni wa kupita tunapenda kusema watu wa vijijini wana subira. Hawana. Wana kazi.

Tarehe ya msafara ilipofika masikioni mwetu ilikuwa katikati ya msimu wa kulinda. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Matimbwa, alipita dungu hadi dungu kwa mtumbwi akiwaomba watu warudi kijijini siku hiyo moja, waonekane. Nilikuwa naye. Wengi walikataa, na sababu zao zilikuwa nzuri. Siku moja bila mlinzi ni shamba zima. Mtu mmoja akasema serikali imekaa miaka yote bila kuwaona, kwani leo imepata macho gani. Mwingine akasema kama wanataka watu wa Kitopeni waje walipo watu wa Kitopeni, mgeni humfuata mwenyeji. Nilimwona Mzee Matimbwa akichoka usoni. Kulipokusanyika mitumbwi kadhaa chini ya dungu la Shamte, wakibishana, Mwanaidi akasema kutoka juu, bila kupaza sauti:

"Mimi nimezika wawili. Mpunga wangu ndege waule."

Hakuna aliyebishana tena. Kesho yake mitumbwi ilirudi Kitopeni ikiwa imebeba milango. Walijua, hakuna aliyewafundisha, kwamba nyumba isiyo na mlango inaonekana kama nyumba ya marehemu, basi kila mtu alipachika wake, wengine kwa kamba za minazi, wakafagia, wakapika. Wanawake walivaa kanga za sikukuu. Chungu cha wali wa nazi na kamba kiliwekwa kando, kikafunikwa, ni cha wageni. Shamte alikata miti ya kuweka kivuko ili watu wa mjini wasikanyage tope. Nesi Yunis alikuja na koti lake jeupe ambalo delta hakulivaa kamwe kwa sababu ya joto, akasimama karibu na kivuko hicho tangu asubuhi.

Hawakuja. Ile tarehe iliwekwa ofisini kwa kalenda ya ukutani, na siku zile zilikuwa za maji mafu, ambapo bahari haijai vizuri wala haipwi vizuri, na mkondo wa Kitopeni haupitishi boti kubwa. Mtoto yeyote wa pale angewaambia. Sisi hatukuwaambia kwa sababu kila mmoja alidhani jambo la wazi namna hiyo watu wanaotumwa na wilaya wanalijua. Hata Mzee Matimbwa, ambaye alikuwa akihesabu maji kabla ya kwenda kuoga, aliniambia alifikiri labda wana boti ya namna nyingine. Ujumbe wa kuahirisha ulitumwa kwa simu, na simu pale ilishika ukipanda mnazi fulani ukielekea kaskazini. Tulisubiri hadi kivuli kikarudi upande wa pili wa nyumba. Chungu kikafunuliwa, watoto wakala wali wa wageni, na watu wakaanza kung'oa milango. Walipofika mashambani ndege walikuwa wameshiba. Kwa Mwanaidi na majirani zake masuke yalisimama wima kama kawaida, na ukiyashika yalikuwa matupu. Bi Mwajabu alitembea ndani ya shamba akipapasa, macho yake yalikuwa yameanza kufifia, akasema tu kwamba mwaka huu wataazima wali.

Msafara ulikuja siku chache baadaye, bamvua, maji mengi, bila taarifa. Walitupitia zahanati, mimi na Nesi, tukapanda. Tulipoikaribia Kitopeni nilijua tumekwisha. Nyumba zote zilikuwa wazi, matundu meusi mahali pa milango, majivu yaliyopoa kwenye mafiga, kuku mmoja aliyesahauliwa, na kimya. Kiongozi wa msafara hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mhandisi mwenye kofia ya majani, aliyekula biskuti zake kwa kumgawia kila mtu, na alishuka akatembea kijiji kizima kwa heshima, akichungulia ndani ya nyumba na kusema hodi katika kila moja. Nilimweleza dungu. Nilimweleza milango. Nikamwomba tuende mashambani, twende tu aone moshi. Akatazama maji, akauliza tutachukua muda gani, nikamwambia ukweli, na mwendesha boti akasema tukienda hatutatoka hadi maji mengine. Akasema, kwa upole, "Dada, wilaya hizi ni kubwa. Nikimfuata kila mtu shambani kwake nitazeeka njiani. Mtu anayekaa mahali huwa na mlango." Nesi alimweleza habari ya Mwanaidi, kwa jina, nyonga na yote. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha tukarudi, na njiani nilimsikia akimwambia mwenzake kwamba pale ni makazi ya msimu, na yule mwenzake akakubali kwa kichwa. Kijiji kilichokuwa kimekaliwa tangu kabla ya babu zake kupata majina kilipewa jina hilo kati ya biskuti na biskuti. Boti ikapelekwa mdomoni mwa mkondo. Ni miaka mingi sasa na bado najaribu kumchukia yule mhandisi nashindwa. Angekuwa mwovu ningelala vizuri zaidi.

Wilaya ilikuwa imeshagawanyika wakati huo. Mbwera na visiwa vyote vilikuwa Kibiti, na barazani mwa zahanati watu walitaniana, huyu akimwambia mwenzake aliyeoa ng'ambo ya mto kwamba sasa anahitaji pasi kwenda kwa wakwe. Mwanaidi alipokuja kliniki, tumbo kubwa, aliniuliza kama wilaya mpya nayo ni kubwa. Nikamwambia ni ndogo kuliko ile. "Basi njia zimefupika," akasema, akanitazama kwa makini nione kama nitacheka. Kwamba boti imekwenda kwingine alikuwa ameshajua.

Uchungu ulimwahi. Ulikuja wiki kadhaa kabla ya siku ya kuhamia Nyamisati, alfajiri, mavuno machache yakiwa yameshapita na watu wamerudi kijijini. Kwa bahati, na neno hilo naliandika kwa kusitasita, mimi na Nesi tulikuwa Kitopeni kwa ajili ya chanjo za watoto. Maji yalikuwa yamejaa hadi kwenye mizizi ya juu ya mikoko. Shamte alitaka kuondoka saa ile ile kwa mtumbwi wake. Nesi alimpima Mwanaidi, akatoka nje akinawa, akasema boti ina mashine, itafika na kurudi mara mbili kabla mtumbwi haujafika popote. Kijana mmoja akapanda ule mnazi, akapiga simu, wakamjibu boti inakuja. Tukasubiri. Uamuzi ule ungefanywa na mkunga yeyote mwenye akili, na nimeukagua kwa miaka yote hii nikitafuta mahali ulipokosea. Mwendesha boti alikuwa msikitini, akaja, mashine ikakataa, ikakubali. Sisi hatukuyajua hayo. Sisi tuliona tu mizizi ya mikoko ikitokeza, pingili moja baada ya nyingine.

Tuliisikia boti. Hilo ndilo ninaloamka nalo mpaka leo. Kulikuwa kumekucha kabisa, tulikuwa tumekaa ukingoni mwa mkondo na Mwanaidi amelala kwenye mkeka chini ya kanga iliyotandwa, na mbali, upande wa mdomo, mashine ikasikika. Wanawake wakaanza kumwinua. Sauti ikapanda, ikapanda, ikakoroma mara mbili kama mtu anayejaribu kutoa gari kwenye mchanga, halafu ikanyamaza. Shamte hakusubiri mtu amweleze. Walimweka Mwanaidi mtumbwini, Nesi mbele yake, mimi nyuma, Shamte na kaka yake kwenye pondo, ile miti mirefu ya kusukumia mtumbwi, tukaenda kuifuata boti pale ilipokwama. Mkondo ulikuwa umebaki utepe wa maji katikati ya uwanda wa tope. Kisha utepe nao ukakatika. Wanaume wakashuka wakazama hadi mapajani, wakausukuma mtumbwi juu ya tope kwa nguvu ambazo sikudhani binadamu anazo, na tope likawa linaurudisha. Boti tuliiona. Nyeupe, imelala ubavu, na mtu amesimama juu yake akitupungia mkono. Kati yetu na yeye palikuwa na nchi kavu ambayo huwezi kuitembea, jua likiiwakia, kaa wadogo wakiingia na kutoka kwenye matundu yao. Nilifikiria, na nilijichukia kwa kufikiria, kwamba hii nayo imehesabiwa. Hili tope limo ndani ya eneo la wilaya, limo kwenye fahari ya mhadhiri wangu.

Mwanaidi alifungua macho akaniona ninavyotazama huku na huku.

"Ramani," akasema, "hapa ni wilaya gani?"

Nikasema Kibiti.

"Tazama vizuri. Nisije nikafia kwa watu."

Nesi akamwambia anyamaze atunze pumzi, na yeye akatabasamu, na baada ya hapo hakusema neno lililoeleweka. Mtoto alitoka mchana, wa kike, wa rangi ya maji ya mkondo, na hakulia. Nesi alifanya yote anayoweza kufanya mtu aliyepiga magoti ndani ya mtumbwi, kisha damu ikaanza kuja na mikono yake mikubwa haikutosha kuizuia. Hakusali kwa sauti. Nilimsubiri asali, mimi ninayebishana juu ya dua kila mlo, nilitaka asali, naye hakusali. Mwanaidi alikufa maji yakiwa yameanza kurudi. Hatukufanya chochote, mtumbwi ulitikisika kidogo, ukainuka wenyewe, ukaelea. Shamte akapanda, ametapakaa tope hadi shingoni, akashika pondo, akauliza tuendelee au turudi. Nesi akasema turudi.

Baada ya maziko Nesi aliacha kubishana nami. Tulikula uwele wake na dagaa wangu, na nikisikia upande wa pili wa ukuta anageuka kitandani nilijua anasubiri boti. Hakuwahi kuniambia hivyo. Aliomba asihamishwe, na akabaki delta miaka mingi baada yangu, na nimesikia kwamba tangu siku ile hakumwambia mgonjwa yeyote asubiri. Mwili wa mtu ukimwuma alimpakia kwenye chochote kinachoelea. Wapo waliosema alizidisha, kwamba aliwasumbua watu kwa homa za kawaida. Huenda ni kweli.

Kitopeni walifanya kikao chao. Sikualikwa, nilisikia barazani. Waliamua kwamba kijiji kisiachwe tupu tena. Kila msimu wa kulinda pabaki mtu, na mtu huyo awe yule ambaye shambani hana faida kubwa, asiyeweza kuona ndege. Nilidhani ni hasira ya msiba na itapita. Masika yaliyofuata, mkataba wangu ulipokuwa unakwisha, mimi na Nesi tulikwenda kuaga, tukapanda kutoka kivukoni kupita nyumba zilizo wazi, moja baada ya nyingine, hadi tukafika kwenye nyumba moja yenye mlango. Bi Mwajabu alikuwa amekaa kizingitini. Alikuwa amevaa kanga safi. Walikuwa wanamletea chakula maji yakiruhusu, na yasiporuhusu alikuwa na pepeta kwenye sahani. Peke yake, kijiji kizima, na nyani juu ya mapaa.

Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza ni nani, nikajitaja. Nilikaa. Nikamwuliza kama haogopi, akasema kuogopa ni kwa mwenye wa kumwita. Nikamwuliza, kwa ile tabia yangu, watu wa wilaya wakija atawaambia nini.

"Niwaambie nini, mwanangu? Wakija wanione tu."

Nikasema macho yake hayaoni mbali, atajuaje kama wanakuja, na Nesi akanigusa mkono ninyamaze, lakini swali lilikuwa limeshatoka.

"Mashine naisikia," akasema Bi Mwajabu. "Ile ya Mwanaidi niliisikia hapahapa, tangu inaanza mpaka iliponyamaza."